Raporo ya Viti vya Kinama

Jumamosi iliyopita nilirudisha ufunguo wa garaji, na tangu siku hiyo mimi ni mstaafu. Nina miaka kumi na saba. Muzee Sylvestre, mmoja wa wazee wa humo, alicheka akasema sasa tuko sawa, mimi na yeye, tofauti ni kwamba mimi bado nina magoti. Mwaka huu naingia darasa la mwisho, kuna mtihani wa serikali, na mama ameamua Jumamosi zangu zote ni za hesabu. Kwa hiyo kaye hii, daftari la kazi, naiacha mezani kwa ajili yako, wewe utakayekalia kiti changu. Jina lako silijui. Nasikia wanatafuta msichana mwingine asiyesema sana. Kama ni wewe, karibu. Soma mpaka mwisho, kwa sababu humu kuna kosa nililolifanya mimi kwa mkono wangu na sitaki ulirudie.

Kuhusu mshahara sina la kueleza: ni Fanta moja, na siku nyingine sambusa. Kuhusu vyeo vilevile. Nilianza nikiwa sekreteri, nimemaliza nikiwa sekreteri.

Wenye garaji ni watu waliofanya kazi université wakastaafu. Kuna maprofesa, kuna waliokuwa madereva, kuna aliyepika kantini. Kila mmoja anakata kidogo kwenye pansiyo yake, wanaweka pamoja, na kila mwaka wanamsaidia mwanafunzi mmoja kuanza masomo. Mmoja tu. Msaada huo wanauita buruse. Na hawamwachi akishaanza: Alhamisi Madame Profeseri anamkalisha barazani na kumrudisha kwenye hesabu alizokosa, na Muzee Sylvestre anamfundisha jinsi ya kushika chupa za labo bila kuzivunja.

Madame Profeseri ndiye presida wao, na garaji ni lake, hapa Mutanga Nord. Mama na mimi tunapanga nyumba ndogo ya nyuma, kwenye uwanja wake. Mimi nina tabia ya kuandika kila jioni, nakaa kwenye ngazi na kaye yangu, simsemeshi mtu. Siku moja Madame Profeseri alisimama mbele yangu na kopo la kumwagilia maua.

“We mutoto, unaandika nini kila siku hivyo?”

Sikujibu. Nilifunga kaye.

“Haonyeshi na hasemi,” akamwambia mama aliyekuwa anaanika nguo. “Vizuri. Njo huyu tunatafuta.”

Mama alikubali mbele yake. Tulipoingia ndani akafunga mlango. Mama yangu ni mtu wa Uvira, alivuka mpaka akiwa msichana, hawezi kuona kitu cha bure bila kukizunguka mara mbili.

“Watu wazima wa pansiyo wanafanya kazi na hawalipwi? Chunga vizuri, Chanelle. Apo iko kitu.”

Nami niliona iko kitu. Mwezi wa kwanza wote, kwenye kaye yangu ya nyumbani, nilikuwa namaliza kila siku na maneno yaleyale: leo pia sijajua wanataka nini.

Siku ya kwanza garaji ilinuka oili ingawa gari liliuzwa zamani. Meza yako, hiyo unayoandikia, ilitoka labo. Yale madoa meupe ni asidi, usihangaike kuyafuta. Kabati la chuma linafunguka ukilipiga teke chini upande wa kulia. Upande wa kushoto utaumiza kidole tu. Nilijaribu.

Muzee Sylvestre alikuwa ameshakaa, na pamba, na chupa ndogo ya alkoli, na kioo cha kukuza maandishi. Kazi yake zamani ilikuwa kutayarisha labo ya kemia. Maprofesa waliingia wakakuta kila kitu kipo na moto umewaka, wakafundisha, wakatoka, na yeye akaosha. Nadhani ndiyo maana haamini mtu anayeingia wakati kila kitu kiko tayari.

Alinisukumia karatasi ya chifu wa kartiye, wa mtaa, ile inayosema familia fulani haina uwezo.

“Hii kashe ni ya kweli?”

Niliitazama. Ilikuwa muhuri wa mviringo, wa bluu. Nikainua mabega.

“Usiangalie, ulize,” akasema. Alilowesha pamba, akagusa pembeni kabisa mwa kashe, ikaacha bluu kwenye pamba. “Unaona? Kashe ya kweli inalia. Ya fotokopi haina machozi.”

Tulipima kumi na moja siku hiyo. Mbili hazikulia. Alizitenga bila hasira, kama mtu anayeondoa mawe kwenye mchele.

Baadaye akanipa sheria yake, na hii ndiyo utakayoisikia mpaka uchoke: “Andika chenye umeona. Si chenye umewaza.” Alisema labo iliharibiwa na wanafunzi walioandika kwamba maji yamekuwa mekundu kwa sababu maji ya jirani yao yalikuwa mekundu. Mimi sheria hiyo niliipenda sana. Mtu mwenye haya akiambiwa asiseme anachowaza, anapumua.

Wa tatu kwenye komite ni Muzee Deo, mtu mnene, aliyeendesha basi la université. Yeye anajua magari. Hasahau hata moja. Na yeye ndiye aliyeleta ile hadithi ya Kinindo, ambayo lazima uijue, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini watu hawa wanamkagua kila mtu kama askari wa mpakani. Kabla yangu walimpa buruse kijana mmoja. Alilia kwenye garaji hii, akasema baba yake amekufa, hana hata sabuni. Miezi michache baadaye Muzee Deo alikuwa kwenye foleni ya mafuta, anasubiri tangu asubuhi. Jipu moja nyeupe, gari kubwa, ikapita foleni nzima, mbele kabisa. Kwenye usukani alikuwa baba, mzima, na pembeni yake mwana, mzima pia. Muzee Deo aliwafuata kwa mguu mpaka wakakwama kwenye msongamano, akauliza, akaambiwa wanakaa Kinindo, mtaa wa matajiri, nyumba ya ghorofa.

“Na alinisalimia!” Muzee Deo anapenda kusema. “Alifungua kioo, akaniambia, bonjour Papa Deo. Mi bado naisikia.”

Tangu hapo wakaamua kwenda kuangalia kila nyumba kwa macho yao, na kuandika raporo, ripoti ya walichokikuta. Mwenye kuandika nikawa mimi.

Sasa nakuja kwa Belyse.

Dosiye yake, lile faili la maombi, ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Alikubaliwa kuanza masomo ya udaktari. Baba alifariki, mama anauza makaa kwa vikopo kando ya barabara, wanakaa Kinama. Kashe zake zote zililia. Alama zake zilikuwa nzuri mpaka Muzee Sylvestre alizipima mara mbili kwa sababu ya uzuri huo. Ilibaki nyumba tu. Madame Profeseri alipiga simu siku tatu kabla, kama kawaida yake. Anasema nyumba ya mtu haiingiliwi kama na polisi.

Jumamosi hiyo mabasi hayakuwepo kwa sababu ya mafuta, tukaenda kwa mguu, polepole, wazee watatu na mimi nyuma na kaye. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili, bati limeshikwa na mawe. Tukainama kuingia. Ndani nikashangaa. Kulikuwa na viti vinne vya sofa vya kitambaa chekundu, meza fupi ya kioo, na kwenye kona televisheni kubwa. Mama Belyse alivaa kitenge kipya. Fanta zilikuwa baridi.

“Karibuni, karibuni, nyumba ni yenu,” akasema, na hakukaa yeye hata mara moja.

Muzee Deo aliketi, kiti kikalia kwaa! Kila mtu akajifanya hakusikia. Belyse alisimama karibu na mlango, sketi imepigwa pasi, ananukia mafuta mazuri, anajibu maswali ya Madame Profeseri kwa Kifaransa cha kitabuni. Mimi nitakuambia ukweli: nilimchukia kidogo. Niliwaza, huyu anatudanganya. Niliwaza jipu nyeupe. Na kwa kuwa nimekatazwa kuandika ninachowaza, niliandika ninachokiona, kwa herufi nzuri: viti vinne vya sofa, vyekundu, hali nzuri. Meza moja, kioo. Televisheni moja, kubwa.

Niliona na jambo jingine. Ukutani nyuma ya televisheni hakukuwa na priza ya umeme, hakukuwa na waya, mahali popote kwenye chumba. Kulikuwa na msumari tu, na taa ya mafuta inaning'inia. Hilo sikuliandika. Nilijiambia waya usiokuwepo si kitu, ntauhesabu vipi? Hilo ndilo kosa langu. Limekaa hapa, kwenye mstari huu, usilipite haraka.

Tulirudi garajini na mavumbi mpaka magotini. Muzee Sylvestre akasema, “Soma.” Nikasoma. Kusoma kwangu ni kwa sauti ya chini, ikabidi nirudie.

“Makaa gani hayo?” Muzee Deo akauliza. “Ya dhahabu? Mi niliendesha basi maisha yote na sina sofa nyekundu.”

“Mutoto ana akili sana,” akasema Madame Profeseri.

“Na ule wa Kinindo alikuwa na akili.”

“Mama yake alitupokea vizuri.”

“Vizuri kupita kiasi,” Muzee Sylvestre akasema, na kwake huo ni ushahidi. “Raporo inasema yenyewe, Profeseri. Mi siongezi kitu.”

Wakapiga kura. Waliniamuru niandike barua mbili. Moja ya kumwambia Belyse hapana. Nyingine ya kumpa buruse kijana wa pili kwenye orodha, mtu mzuri tu, ambaye mjomba wake alishaahidi kumlipia kama sisi tutashindwa. Zote mbili nizipeleke mimi kwa mkono, maana ndiyo kazi ya sekreteri. Kule université dirisha la kujiandikisha lingefungwa Ijumaa. Asiyekuwa ameandikwa siku hiyo, nafasi yake anapewa mwingine.

Jumanne baada ya shule nilianza na Kinama kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbaya. Mbaya nazimaliza kwanza. Kabla sijafika kwenye nyumba nikasikia kelele nyuma ya ukuta.

“Guu, Mama Belyse! Guu la kiti! Kilitoka kwangu na maguu mane, kimerudi na matatu na kipande!”

“Si mimi nilikikalia, dada. Ni ule muzee munene wa université.”

“Basi université ije ikitengeneze!”

“Nitamwambia fundi akifunge. Mbona televisheni ilirudi nzima?”

“Ile televisheni ilikufa tangu Zuena hajazaliwa! Itavunjika tena na nini?”

Nilisimama pale na mkoba. Mlango wa Mama Belyse ulikuwa wazi na chumba kilikuwa kitupu. Mkeka, gunia la makaa, bido mbili za maji. Na unajua wazo langu la kwanza? Niliwaza: wameficha. Naandika hili kwa aibu. Nilikuwa nimesikia kila neno kwa masikio yangu, na bado kichwa kilitafuta mahali walipovificha viti. Ukikaa garajini muda mrefu, utaona, inakuingia.

Mama Belyse akageuka akaniona.

“Yoo! Ni ule mutoto wa université!” Akafuta mikono haraka. “Karibu, karibu. Belyse haiko, ameenda maji. Dada, niazime kiti!”

Na yule jirani, Mama Zuena, ambaye sekunde moja nyuma alikuwa tayari kumuuma, akasema bila hata kushusha sauti, “Chukua ile ya kijani, hiyo nyekundu haisimame,” akakileta mwenyewe.

Nilisema naweza kukaa mkekani. Mama Belyse alinitazama kama nimetukana. Nikakaa kwenye kiti cha kijani, kiti pekee chumbani, yeye amesimama.

Nilijikaza sana. “Mama, vile viti vya Jumamosi…”

Akacheka akiziba mdomo. “Ulisikia? Ah, usiwaambie. Wageni wa heshima wanakuja, wazee, maprofesa, utawakalisha chini? Watasema mutoto huyu alikulia wapi?”

“Lakini wao walikuja kuangalia kama…” Nikashindwa. Mtu hawezi kusema “kama muko maskini” mbele ya mtu aliyekuazimia kiti. Nikasema, “Kama kila kitu kiko sawa.”

“Njo sababu tuliweka kila kitu sawa,” akasema Mama Belyse.

Kisha akauliza polepole, “Jibu iko?”

Barua ilikuwa kwenye mkoba, juu ya magoti yangu. Nikasema, “Bado.”

Barua ya pili pia sikuipeleka. Usiku sikulala vizuri. Jumatano nilikwenda kwa Muzee Sylvestre, naye anakaa hatua chache tu kutoka kwetu. Nilikuwa nimejifunza maneno kwa moyo, na nilipofika yakapotea yote. Nikaweka tu barua mbili mezani, zimefungwa bado.

Akazigeuza. Akaangalia gundi. “Hukupeleka.”

“Apana.”

“Kwa nini?”

“Viti si vyao. Waliazima kwa ajili yetu. Na televisheni ni ya jirani, imekufa.”

“Nani alikuambia?”

“Niliwasikia wanagombana.”

“Walijua unakuja?”

“Apana.”

“Walikupa nini?”

“Kiti.”

“Kinywaji?”

“Apana.”

“Huyo msichana anasoma na wewe? Munasali pamoja? Mama yako ananunua makaa kwao?”

“Apana, apana, apana.” Machozi yalinijia, ya hasira, na mimi hasira huwa sina. “Muzee, unanipima kama kashe.”

Akaziweka barua chini. Halafu akasema, “Raporo uliandika we mwenyewe. Sasa unasema ni ya uongo?”

“Si ya uongo. Haikuisha. Ukutani hakukuwa na priza. Hakuna umeme nyumba nzima. Niliona, sikuandika.”

“Uliona, hukuandika?”

“Ulisema niandike chenye niliona. Priza sikuiona. Haikuwepo.”

Muzee Sylvestre alivua miwani. Akaifuta kwa pamba.

“Mutoto,” akasema, “labo ukimimina dawa na rangi haikubadilika, unaandika: haikubadilika. Hiyo pia ni jibu. Mara nyingi njo jibu lenyewe.”

“Hukuniambia hiyo.”

“Sikukuambia,” akasema. Wewe sasa umeambiwa.

Usifikiri aliniamini. Alimpigia Madame Profeseri akamwomba barua zisimame siku moja, akanigeukia: “Kesho tunaenda mi na we. Na hakuna kupiga simu.”

Alhamisi jioni tukaingia Kinama. Watoto walimtambua kwa kofia yake kabla hatujafika hata kwenye kona, wakakimbia mbele wanapiga kelele, muzee wa université, muzee wa université! Tulipozunguka ukuta tukakutana uso kwa uso na Mama Belyse. Alikuwa anavuka njia mbio, na kichwani amebeba kiti cha sofa, chekundu, guu moja limefungwa na mpira wa baiskeli.

Akasimama, kiti bado kichwani. Akaanza Muzee.

“Amahoro, Mama.”

“Amahoro, Muzee,” akajibu chini ya kiti. “Karibu nyumbani.”

Muzee alimsaidia kukishusha. Alishika lile guu lililofungwa, akalipapasa na vidole, nami nilijua anatafuta gundi. Kisha akainama akaingia, akazungusha macho kwenye chumba kitupu, ukuta kwa ukuta, mpaka kwenye msumari na taa. Mama Belyse akakiweka kiti katikati, na Muzee akakikalia, kwa uangalifu sana. Alijua kukikataa kungekuwa tusi.

“Mama,” akasema, “nitakuambia wazi. Tulikataa dosiye ya Belyse kwa sababu ya viti hivi. Leo tunaandika raporo nyingine. Tunaandika ni vya kuazima.”

Uso wa Mama Belyse ulikunjamana. “Apana. Hiyo musiandike.”

“Bila hiyo hapati buruse.”

“Andika anastahili. Neno moja tu. Si munajua kuandika?”

“Hilo siwezi kulipima, Mama.”

“Na raporo itasomwa na nani? Na maprofesa. Itakaa kwenye kabati. Kesho mutoto wangu ni daktari, mutu anafungua kabati, anasoma: mama yake aliazima mpaka kiti.” Aliniangalia mimi na kalamu yangu. “Na we, nilikukaribisha.”

Nilitamani ardhi inimeze na kaye yangu. Belyse alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na bido ya maji, nguo ya nyumbani, miguu ina tope. Alikuwa amesikia.

“Mama, acha aandike.”

“We nyamaza.”

“Kesho dirisha linafungwa. Nikikosa nitakaa hapa, tutauza makaa wawili, na hata kwenye kiti cha Mama Zuena tutakuwa hatuna mugeni wa kumukalisha.” Aliweka bido chini. Kile Kifaransa cha kitabuni hakikuwepo. “Mi sina aibu ya kuazima. Kila mutu hapa anaazima. Nina aibu ya kuambiwa tulidanganya.”

Mama Belyse aligeukia ukuta. Muzee Sylvestre alinifanyia ishara niandike, na mimi, ambaye komite nzima ilinichagua kwa sababu sisemi, nikasema:

“Asomewe kwanza.”

“Nini?” akauliza Muzee.

“Nikimaliza, Mama asomewe. Atie sahihi kama amekubali.”

“Raporo hazisomwi kwa watu. Ni za komite.”

“Lakini tumemwandika yeye,” nikasema. “Na mara ya kwanza tulikosea.”

Muzee alinitazama kwa yale macho ya pamba na alkoli. Sikuinamisha kichwa, ingawa shingo iliniuma. Mwishowe akasema, “Ego, sawa. Andika, halafu usome kwa sauti. Kwa sauti, we Chanelle, si kwa ile yako.”

Niliandika nimekaa mkekani. Nilipomaliza nikasimama nikasoma: Nyumba ya vyumba viwili, hakuna umeme, hakuna priza. Ndani mna mkeka mmoja, gunia la makaa, bido mbili za maji, taa ya mafuta. Viti, meza na televisheni vilivyoonekana Jumamosi viliazimwa kwa jirani ili wageni wapokewe kwa heshima. Wageni walipokewa kwa heshima. Kiti kimoja kilivunjwa na komite.

Muzee Sylvestre alikohoa hapo mwisho lakini hakufuta kitu.

Mama Belyse alikuwa bado ametazama ukuta. “Soma tena pale pa heshima,” akasema. Nikasoma tena. Akageuka, akaja karibu, akaweka kidole kwenye karatasi ingawa kusoma hajui.

“Ongeza,” akasema. “Kitambaa cheupe cha mezani ni changu.”

Muzee akanitazama, nikafungua kurasa za nyuma. “Hakuna kitambaa kwenye raporo ya kwanza,” Muzee akasema. “Mi sikukiona.”

“Basi hamukuangalia vizuri. Nilikishona mi mwenyewe na sindano moja. Hicho sikuazima kwa mutu.”

Nikaongeza. Ndipo akachovya kidole gumba kwenye wino wetu akakibonyeza chini, kwa nguvu, mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Ijumaa asubuhi komite ilitia sahihi, na Belyse akapanga foleni kwenye dirisha, watu ishirini na kitu mbele yake. Saa sita kasoro jina lake likaandikwa. Hakunikumbatia wala nini. Aliniambia tu, “Guu la kiti je?” na kweli, Muzee Deo alikwenda Jumapili na fundi wake. Raporo utaikuta kwenye kabati, teke la kulia, dosiye ya kijani. Sentensi ya kitambaa iko chini kabisa, imebanana pembeni na alama ya kidole, kwa sababu sikuwa nimeiachia nafasi.